Mabuti ya Siku ya Mkaguzi

Bosi wetu alimwambia tabibu kuwa mdogo wangu ni mpishi. Hilo ndilo kosa, na nalitaja kwanza lisije likapotea katikati ya maneno mengine. Hakumpiga wala hakumfukuza kazi. Alimpakia kwenye gari lake mwenyewe, akamshika mkono mpaka ndani ya chumba cha tabibu, na lilipoulizwa swali kwamba mgonjwa huyu anafanya kazi gani, mdogo wangu hana hata nguvu ya kufumbua mdomo, akajibu yeye: mpishi. Neno hilo likamtangulia mdogo wangu kila alikopelekwa, na kila aliyemtibu alilishika hilo.

Waliomjua wanajua jinsi uongo ule ulivyokuwa wa ajabu, maana mdogo wangu alikuwa hajui kupika. Mama yetu alitutoka mapema, mimi ndiye niliyemlea na mimi ndiye niliyemkabidhi mwiko, kwa hiyo nasema kwa ushahidi. Alikuwa anaunguza uji. Maziwa aliyabandika yakachemka, yakafurika, yakazima moto, yeye yuko mlangoni anapiga soga na jirani. Nyumbani kwake aliyepika ni mume wake, fundi baiskeli, mtu mpole asiye na makuu. Watu wakimcheka alijibu, "Mimi nilioa mdomo, mwiko nilikuwa nao tayari."

Na mdomo ulikuwepo kweli. Kazini tulimwita Cherehani, kwa sababu akianza kusema alikwenda mbio mfululizo mpaka uzi ukatike, na kwa sababu ndiye aliyekuwa mshonaji wetu. Alishona kwa sindano kubwa ile ya shazia, gunia amelitandika mapajani, mkono unakwenda na maneno yanakwenda. Alikuwa mwembamba, mwenye mwanya, mkono wa kushoto umejaa alama za sindano. Hakuwa mtu wa kununa. Ukimkasirisha asubuhi, mchana anakuja kukuomba chumvi kama vile hakuna lililotokea. Mimi ndiye ninayeweka vinyongo katika ukoo wetu, na sioni haya kusema hivyo.

Kazi yetu ilikuwa kufua magunia. Nyuma ya ghala la nafaka palikuwa na uwanja, na katikati ya uwanja hodhi la saruji lenye kina cha kufika magotini. Magunia yaliyotumika yalirudi kutoka kwa wateja yamejaa vumbi, wadudu, punje zilizooza na mavi ya panya, na mara nyingine ndani yake kiota kizima, vitoto vyekundu vimelala kama vidole. Tuliyakung'uta, tukayaloweka, kisha tukaingia hodhini peku na kuyakanyaga, mikono imeshika kamba iliyofungwa juu ili mtu asiteleze. Baada ya hapo ni kusuuza, kuanika, na yaliyotoboka yanakwenda kwa Cherehani. Lakini hakushona tu. Kila asubuhi yeye ndiye aliyeingia majini wa kwanza. Huo ulikuwa utaratibu wetu: mwenye mwili mwepesi anatangulia kuyavuruga maji yaliyolala na kuyapanga magunia chini, ndipo sisi wazito tufuate. Mimi kwa umri wangu na goti langu bovu, kazi yangu hasa ilikuwa kuanika.

Maji ya bomba yalikuwa ya taabu, basi hodhi halikumwagwa mpaka maji yalipokuwa mazito. Na kila gunia lilikuwa na chapa ya ghala kwa wino wa bluu, na wino ule ukilowa unatoka. Ukikanyaga magunia msimu mmoja, nyayo zako zinakuwa za bluu, na hakuna sabuni wala jiwe la kusugulia litakaloutoa, maana unaingia mpaka ndani ya magaga, ile mipasuko ya visigino. Mguu wa mwanamke wa hodhini ulijulikana popote. Cherehani alikuwa akisema, "Nikipotea msihangaike kutangaza jina. Geuzeni watu nyayo."

Panya walikuwa wao wenyeji, sisi wageni. Walitoka ghalani kwa kupita juu ya boriti iliyokatiza juu ya hodhi, mchana kweupe, hawana habari na mtu. Mmoja alikuwa mnene, sikio limechanika, anatembea taratibu kama anakagua mali yake. Tulimwita Meneja, kwa sababu alikuwa na tumbo na hatujawahi kumwona akishika kazi. Wakipita juu, mara nyingine yanatuangukia manyunyu, mtu anafuta bega kwa mkono na kuendelea. Sisi tuliogopa meno. Mwenzetu mmoja aliwahi kung'atwa kidole alipoingiza mkono ndani ya gunia, na tangu hapo kila mmoja alipiga gunia kwa fimbo kabla ya kuligusa. Tulijua ubaya wote wa panya uko mdomoni mwake. Mavi tuliyazoa kwa viganja.

Bosi wetu naye alikuwa na jina. Ukimwambia kamba imelika, anasema kesho. Ukimwambia bomba limeziba, kesho. Kwa hiyo alikuwa Bwana Kesho, ingawa mbele yake tulisema bosi. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na sauti laini, shati safi, na kabati ofisini lenye kufuli. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na mabuti ya mpira, meusi, yanang'aa, ya kutosha sisi sote. Mabuti hayo yalikuwa na siku yao. Yalitoka siku ya mkaguzi wa afya.

Mkaguzi hakuwa akija kwa kushtukiza. Simu ilipigwa kwanza, na tukimwona Bwana Kesho anafungua kabati tunajua mgeni yuko njiani.

"Haya, mabibi harusi, viatu vimefika," Cherehani alisema mara ya mwisho ile, akitumbukiza mguu ndani ya buti la kumtosha askari. "Bwana harusi ni yule anayekuja na kalamu."

Tulikuwa na mwenzetu mtu mzima kuliko sote, tukimwita Shangazi. Yeye alivaa buti la kulia mguu wa kushoto na hakujali. Tukaingia hodhini tumesimama wima kama gwaride, maana ukipiga hatua katika mabuti yale gunia linakukamata na unakwenda chini. Mkaguzi akaja, mwembamba, mwenye miwani, akatutazama miguu.

"Haya mnavaa kila siku?"

Tukamtazama Bwana Kesho. Bwana Kesho akatabasamu.

"Kila siku unapokuja, baba," Shangazi akasema.

Mkaguzi akamvuta Bwana Kesho pembeni, wakasimama upande wa pili wa kamba nilipokuwa naanika, gunia moja tu kati yangu nao. Nilisikia kila neno.

"Maji haya yamwage leo," mkaguzi alisema. "Hawa panya wanakojoa humu. Mkojo wao unaleta homa mbaya, inaingilia kwenye ngozi iliyopasuka, inaua ini na figo. Na hawa akina mama wavae mabuti kila siku, siyo nikija mimi."

"Kesho tu tunamwaga," Bwana Kesho akasema. "Hata mimi yananikera."

Kwa hiyo alijua. Nataka hilo lishikwe vizuri, kwa sababu lililofuata lote linasimama juu yake.

Wakati wa chakula niliwahadithia wenzangu. Tulicheka, sifichi. Cherehani alisema, "Sasa tuwafanyeje? Tuwachimbie choo?" Lakini kesho yake asubuhi, kabla ya kuingia majini, nilimwona akienda ofisini, nyayo zake za bluu zikipiga saruji, na nikasikia akiomba mabuti. Aliyaomba kwa adabu, na kwa mzaha wake uleule.

"Bosi, tupe vile viatu vya harusi. Hata kama bwana harusi hayupo."

"Yale yanachana magunia, mama."

"Nitakanyaga polepole."

"Na yakichakaa," Bwana Kesho akasema kwa sauti yake laini, "mkaguzi akija mtavaa nini?"

Cherehani akarudi, akashika kamba, akaingia majini wa kwanza kama kawaida. Maji yalikuwa yaleyale.

Homa ilimwanza siku ambayo jua lilikuwa kali mpaka magunia yanakauka ukiyatazama. Yeye anatetemeka. Macho yalikuwa mekundu kama mtu aliyekata vitunguu, na alisema miguu inamuuma, mashavu ya miguu, kiasi kwamba shuka tu likimgusa anapiga kelele. Tukasema malaria, kwa maana kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Alikunywa vidonge vya kichwa na kurudi kazini. Kitu kilichonitisha hakikuwa homa. Alikaa na gunia lake mapajani, sindano mkononi, na alikuwa kimya. Shangazi akamchokoza, "Cherehani, leo uzi umekatika?" Hakujibu. Uwanja mzima ulikuwa kimya, tunasikia panya kwenye boriti.

Alianguka karibu na kamba ya kuanikia. Alijikunja tu kama gunia tupu. Nikapiga yowe, Bwana Kesho akatoka ofisini mbio.

"Mimi nampeleka," akasema. Alikuwa tayari ameshamwinua. "Wewe baki, mama. Lori linasubiri mzigo. Huyu ni mtu wangu, ni kama mdogo wangu."

Alimlaza kiti cha nyuma kwa mikono yake, akavua koti lake akamtilia chini ya kichwa. Nilimwombea dua mtu yule. Nilisimama getini na mikono yangu yenye maji, nikamwombea heri, yeye na watoto wake.

Mdogo wangu alirudishwa jioni na dawa za malaria. Kipimo kilikuwa hakijaona malaria, lakini tabibu alisema pengine kimekosea. Alizinywa. Homa ikapungua kidogo, akaomba hata maji ya ndimu, tukashangilia. Kisha ikarudi na nguvu nyingine kabisa.

Fundi baiskeli alinifuata nyumbani, mafuta ya mnyororo bado vidoleni. Hakuingia ndani.

"Shemeji, njoo umwone. Mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Na sasa hautoki."

Nilimkuta macho yamekuwa manjano. Meupe yote ya macho, na viganja, na ndani ya midomo. Alikuwa anatapika na kushika kiuno. Binti yake alikuwa mlangoni ameshika beseni, mtoto mkimya, hakurithi mdomo wa mama yake. Majirani wawili walikuwa wamesimama barazani, na mmoja nilimsikia akinong'ona kwamba rangi ile ni ya watu wa pombe. Mdogo wangu hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa na maneno ya kutosha bila kulewa.

Tabibu alipomwona tena aliogopa, akaandikia aende hospitali kubwa, na jirani mwenye gari akatupeleka. Huko walimpokea haraka, hilo siwezi kuwasingizia. Lakini walimpokea na neno lake. Mpishi. Tabibu alishawaambia kwa simu, na kwa sababu jibu walikuwa nalo tayari, hakuna aliyetuuliza mimi wala mume wake swali lile tena. Tulikaa kwenye ukumbi, tunawaona wauguzi wanaingia na kutoka. Walitafuta sumu kwenye chakula. Walitafuta dawa za mitishamba. Walimwuliza fundi baiskeli mara ngapi mke wake anakunywa, akasema hanywi, wakamtazama kama wanavyomtazama mume yeyote anayesema hivyo. Tukalala kwenye benchi, kukakucha, na wao bado wanatafuta.

Siku ya pili niliruhusiwa kumfuta mwili. Daktari mmoja mwanamke aliingia, macho yamechoka, akafunua shuka upande wa miguu kutazama uvimbe. Akasimama. Akainama. Akasugua unyayo wa mdogo wangu kwa kidole gumba, akakitazama kidole chake.

"Mama, nyayo hizi zimeanza lini kuwa hivi?"

"Tangu aanze kazi."

"Kazi gani inatia nyayo bluu?"

"Kukanyaga magunia."

Akanitazama. "Huyu si mpishi?"

"Mpishi wa nani?"

"Tumeambiwa ni mpishi. Bosi wake mwenyewe ndiye aliyemleta kwa tabibu, akasema anapika tu, hashiki maji machafu."

"Daktari," nikasema, "huyu hata uji anaunguza. Huyu anaingia hodhini kila asubuhi, peku, maji ya magunia, na panya wanapita juu ya vichwa vyetu."

"Panya wengi?"

"Wanatujua kwa majina. Mkaguzi alisema wanakojoa kwenye maji. Alimwambia bosi, nami nilikuwepo."

Hakuniuliza kingine. Alitoka kwa hatua ndefu, karibu na kukimbia, na nikasikia sauti yake ukumbini ikiwaita watu. Alirudi na sindano. Baadaye akanikalisha chini na kunieleza kuwa ugonjwa ule una jina, watu huuita homa ya mgunda, na kwamba panya mwenyewe haumwi, anaubeba tu na kuutoa kwa mkojo, na mkojo ukiingia majini, basi maji yenyewe ndiyo yanayokung'ata, kwa mpasuko wowote wa ngozi, kwa jicho, kwa mdomo. Unaanza kama malaria. Wengine unawapita. Wengine unashuka kwenye ini na figo.

"Na yeye?"

"Figo zake zimelala. Dawa tumeanza. Tungeanza siku ile ya kwanza aliyoanguka, ningekwambia kitu kingine."

Kisha akauliza nani mwingine anaingia humo. Nikamwambia sote. Akanipima mimi, nilikuwa mzima. Akanishika mkono.

"Nenda kawatoe. Mwenye homa aje leo hii. Akija mapema ni vidonge tu, mama. Vidonge tu."

Nilikwenda na maneno hayo kichwani njia nzima. Vidonge tu. Nilifika ghalani jasho linanitiririka, na Bwana Kesho alikuwa getini, kana kwamba ananingoja.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Bosi, kwa nini ulisema ni mpishi?"

Hakushtuka. Huwa nalikumbuka hilo. Alirekebisha mkono wa shati lake.

"Nilitaka ahudumiwe haraka, mama. Ukisema mfua magunia, wanakuweka mwisho wa foleni. Nilimsaidia. Ukipenda, sema nilimpandisha cheo."

"Hukutaka waje kuliona hodhi."

"Umechoka. Nenda ukapumzike."

Nikampita. Wenzangu walikuwa majini, wameshika kamba, peku. Boriti juu yao ilikuwa na mkia mmoja unaning'inia. Nikasimama ukingoni na kuwaambia yote, haraka haraka, vibaya, maneno yanapandana: mkojo, magaga, figo, vidonge. Waliacha kukanyaga. Maji yakatulia magotini mwao. Hakuna aliyetoka. Walikuwa wanatazama nyuma yangu.

"Kazi ni ya hiari," Bwana Kesho alisema, taratibu. "Anayetaka kutoka atoke. Ila asirudi."

Nawajua wanawake wale. Kila mmoja ana midomo nyumbani inayongoja arudi na kitu. Sikuwalaumu, na leo siwalaumu. Nilianza kuwatazama mmoja mmoja, siyo nyuso, macho. Nikafika kwa Shangazi. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu.

"Shangazi, hayo macho?"

"Jua, mwanangu."

"Na mashavu ya miguu? Yanauma?"

Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na kamba yote ilikuwa inatetemeka nayo, mpaka mwisho.

"Tangu juzi," akasema.

"Basi njoo."

"Nikitoka hapa nitakula wapi?"

"Utakula kwangu. Njoo."

Sijui alifikiri nini. Alitazama maji, akamtazama Bwana Kesho, kisha akaanza kutoka, mkono mmoja kwenye kamba, mguu mmoja baada ya mwingine, na ilimchukua muda kwa sababu ya maumivu. Akapanda juu ya ukingo, maji yanachuruzika. Alipopita mbele ya Bwana Kesho akasimama.

"Mimi nami sijui kupika," akamwambia. "Ukiulizwa, usinitafutie cheo."

Shangazi alipewa vidonge. Alilala siku chache nyumbani kwangu, akala uji wangu, akalalamika kuwa hauna sukari, na akapona. Anatembea. Jana tu alikuwa hapa ananitukania paka. Maji yaleyale, panya walewale, nyayo za bluu zilezile. Tofauti ni kwamba yeye alipoulizwa anafanya kazi gani, alijibu mwenyewe.

Mdogo wangu alitutoka asubuhi, kabla wauguzi hawajabadilishana zamu. Siku mbili za mwisho alikuwa akizinduka na kupotea. Mara moja alinitambua.

"Dada," akasema, sauti kama uzi, "nasikia mimi ni mpishi."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwa nasikia siku ile. Nilishindwa kusema." Akavuta pumzi. "Mwambie mume wangu. Atacheka mpaka azimie."

Nilimwambia fundi baiskeli. Hakucheka. Alikuwa amekaa miguuni pa kitanda ameshika unyayo mmoja kwa mikono miwili, na aliendelea kuushika hata baada ya wauguzi kufunika uso. Tulipomwosha nilisugua nyayo zile kwa sabuni, kwa jiwe, kwa kitambaa, sijui kwa nini, nikitaka aende safi. Bluu haikutoka.

Mazikoni Bwana Kesho alikuja na shati jeupe. Aliomba kusema maneno mawili, akapewa, kwa sababu wenye msiba hawakatazi mtu. Akasema tumempoteza mpishi wetu hodari. Waliomjua marehemu walitazamana. Shangazi alikohoa. Fundi baiskeli aliinamisha kichwa. Na yule mtoto wake mkimya akanivuta nguo.

"Mama mkubwa, mama alikuwa anapika kazini? Mbona nyumbani alikuwa hapiki?"

Nilimwambia hapana. Lakini mimi ni mwanamke wa maneno makali, na yule ni bwana mwenye shati jeupe aliyezungumza mbele ya watu wote, na mtoto ni mtoto. Bado anauliza.

Daktari yule hakukaa kimya. Mkaguzi alikuja tena, na tena simu ikamtangulia. Alikuta hodhi limesuguliwa, maji maangavu, sumu ya panya imewekwa kila kona, na wanawake wamevaa mabuti. Bwana Kesho akamwambia marehemu alikuwa mtu wa jikoni. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. Nikamwomba mkaguzi amwambie bosi atuonyeshe jiko. Pale hapana jiko, hapajawahi kuwa na hata mafiga. Mkaguzi aligeuza shingo, akatazama uwanja mzima, na najua aliona. Akasema atalifuatilia. Akapanda gari lake. Huyo naye namdai, na nitamfikia.

Sikurudi kazini. Nilichukua sindano ya shazia ya mdogo wangu, na sasa nashona magodoro na vifuniko vya viti nyumbani, mtoto anakaa nami mchana akitoka shule. Nikipita nyuma ya ghala natazama juu ya ukuta. Maji yamekuwa mazito tena. Kuna msichana mpya, mwembamba, ndiye anayeingia wa kwanza. Yuko peku. Nilimwita nikamweleza, akanisikiliza kwa heshima, akasema, "Ahsante, mama, nitamwomba bosi mabuti." Nikamuuliza kama ameshaomba. Akasema ameambiwa kesho.

Nilikwenda mwenyewe ofisini kwa Bwana Kesho. Nilimwambia ninachotaka, na si fedha, maana aliwahi kutuma mtu na bahasha na nikamrudisha nayo. Bwana Kesho alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti, akasema ana wageni, nije kesho. Nimekwenda kesho hiyo, na nyingine, na nyingine.

Basi nasema hapa anachodaiwa. Anadaiwa aje nyumbani kwangu, akae mbele ya mtoto yule, amwambie kwa sauti ileile laini: mama yako alikuwa anakanyaga magunia kwenye maji yenye mkojo wa panya, mimi nilijua, aliniomba mabuti nikamnyima, na nilipoulizwa kazi yake nikasema mpishi. Akimaliza arudi akafungue lile kabati. Msichana yule yuko majini sasa hivi, na mabuti bado yamo, yanang'aa.